Laptopu inavuma na kuchemka bila kazi: mwongozo kamili kwa sisi wa Tabora

Ukitafuta mtandaoni utaambiwa prosesa ya laptopu iliyotulia inatakiwa kuwa na nyuzi 35 hadi 45 za Selsiasi. Namba hiyo imetoka kwenye vyumba vyenye nyuzi 20 na kitu. Weka mashine hiyo hiyo saa tisa alasiri, mwezi wa kumi, kwenye chumba cha bati kisicho na dari kule Isevya au Ng'ambo, uone kama itashuka hadi 45. Haishuki, na si ugonjwa. Feni inapoza kwa hewa inayoivuta. Hewa ikiwa na nyuzi 33, hakuna kitu humo ndani kitakachoshuka chini ya 33.

Kwa hiyo usiangalie joto la prosesa peke yake. Angalia limezidi joto la chumba kwa kiasi gani. Mwongozo huu wote umesimama juu ya tofauti hiyo, na umepangwa kwa gharama: vya bure vinaanza, bisibisi inafuata, kununua kifaa kunakuja mwisho. Mtindo wa mjini kwetu ni kinyume chake. Mteja anaingia, hata hajaketi: "Fundi, niwekee pesti tu." Fundi naye anafungua na kupaka pesti, ile dawa nzito ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa. Mashine inarudi nyumbani, jioni inavuma vile vile, maana kilichokuwa kinaichemsha ni programu.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kugusa chochote

Kwenye Windows pakua programu ya kusoma joto, HWiNFO au Core Temp. Zote ni za bure na hazili bando. Zichukue kwenye tovuti zao wenyewe, si kwenye kurasa zenye vitufe kumi vya kijani vya kupakulia. Kwenye Linux sakinisha lm-sensors kisha andika sensors kwenye terminali. Usihangaike na Task Manager, ile orodha ya Windows ya programu zinazoendelea, kwa kazi hii: haionyeshi joto la prosesa.

Weka laptopu juu ya meza tupu, chaja ikiwa imechomekwa. Washa, funga kila kitu, ondoka kwa dakika 15. Windows huwa na shughuli zake nyingi mara baada ya kuwaka, na ukipima wakati huo unapima shughuli hizo. Ukirudi, andika kwenye karatasi joto la chumba, joto la prosesa, asilimia ya prosesa inayotumika, na mizunguko ya feni kwa dakika kama programu inaionyesha. Andika na saa. Utaihitaji karatasi hii mwishoni.

Mashine isiyo na hitilafu, ikiwa imetulia, hukaa nyuzi 15 hadi 25 juu ya joto la chumba. Chumba kikiwa na 31 na prosesa ikasoma 52, huna shida ya joto. Tofauti ikivuka 30 wakati matumizi ya prosesa yako chini ya asilimia 5, kuna jambo. Ikisoma 70 na zaidi bila kazi, usiahirishe. Haitawaka moto: prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zenyewe zikikaribia 100, na zikizidi sana mashine hujizima. Lakini utakuwa na mashine nzito isiyo na sababu ya kuwa nzito, na betri iliyo jirani na joto hilo inazeeka upesi.

Kuna wanaosema Tabora laptopu zinachemka kwa sababu ya mwinuko. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ni kweli hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa asilimia kama 10, hivyo feni inapata kazi kidogo zaidi. Hiyo haielezi nyuzi 75. Tafuta sababu nyingine.

Hatua ya pili: sikiliza, kisha linganisha

Kelele si moja. Upepo mwingi, "fuuu" ya kuendelea, ni feni isiyo na kasoro iliyoamriwa kukimbia. Mkwaruzo au mngurumo unaobadilika ukiinamisha mashine upande ni beringi iliyochoka. "Tik-tik-tik" ya haraka ni waya au uchafu unaoguswa na mapanga. Na kuna mlio mwembamba kama wa mbu, unaobadilika unapoburuta ukurasa kwenye skrini: huo hautoki kwenye feni kabisa, unatoka kwenye koili za ubao mkuu wa ndani. Unaudhi lakini hauna madhara, na kubadilisha feni hakutauondoa.

Sasa chukua karatasi yako. Prosesa inafanya kazi nyingi, joto liko juu, feni inavuma: tatizo ni programu, nenda hatua ya nne. Prosesa imetulia lakini joto liko juu na feni inavuma: joto halitoki, anza na hatua ya tatu, kisha ya sita na ya saba. Prosesa imetulia, joto ni la kawaida, feni inavuma tu: ni mipangilio, hatua ya tano. Joto liko juu na feni kimya: feni imekufa au waya umechomoka. Zima mashine, nenda hatua ya mwisho.

Hatua ya tatu: inakaa wapi?

Hii ni fupi. Laptopu nyingi huvuta hewa kwa chini. Godoro, mto, mapaja yenye khanga na kile kitambaa cha kufuma kinachopamba meza ya sebuleni vyote vinaziba matundu. Weka kwenye ubao mtupu. Inua nyuma kwa vizibo viwili vya soda na upime tena baada ya dakika kumi. Joto likishuka sana, matundu ya chini yalikuwa yamebanwa au yameanza kuziba. Isikae kwenye jua la dirishani. Vile vibao vya feni vya USB husaidia tu pale feni zake zinapokutana na matundu ya mashine yako, na mara nyingi hazikutani.

Hatua ya nne: nani anaitumia mashine wakati wewe huitumii?

Hapa ndipo pa kutumia muda. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, nenda kwenye orodha ya michakato, bofya safu ya CPU ili wanaokula zaidi wapande juu. Usitazame sekunde mbili ukafunga. Kaa dakika tano.

Mara nyingi utakutana na kivinjari. Vichupo 30, kimoja kina video inayojicheza, kingine kina matangazo yanayocheza. Funga, angalia feni. Kivinjari chenyewe kina orodha yake ya ndani: kwenye Chrome bonyeza Shift na Esc, utaona kichupo gani hasa ndicho mlafi.

Windows Update nayo ina tabia inayotuuma sisi tunaotumia mtandao wa simu. Bando linakwisha katikati ya upakuaji, kesho ukiwasha hotspot inaanza tena, na mashine inaonekana ina kazi kila siku. Una njia mbili na zote ni sahihi. Tafuta sehemu yenye mtandao wa uhakika, uiache imalize mara moja hadi iwake upya. Au ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo na uitie alama kuwa ni "metered connection", ili Windows ipunguze kupakua vitu nyuma ya mgongo wako. Kuzima masasisho moja kwa moja sikushauri.

Umenakili filamu na mihadhara kibao kutoka kwenye diski ya rafiki? Windows inaorodhesha mafaili mapya na Defender, kinga yake ya virusi, inayakagua. Utaona Search Indexer na Antimalware Service Executable juu ya orodha. Hayo si maradhi. Iache imechomekwa chaja saa chache, itamaliza.

Sasa kuna ishara moja inayotakiwa kukushtua: feni inavuma mashine ikiwa imekaa, unafungua Task Manager, feni inanyamaza. Unafunga, baada ya dakika inaanza tena. Mara moja inaweza kuwa sadfa, kwa kuwa Windows huahirisha shughuli zake ukianza kugusa mashine. Ikijirudia kila mara, shuku mchimbaji wa sarafu za kidijitali, programu inayotumia prosesa yako kumtajirisha mtu usiyemjua na inayojificha inapoona unachungulia. Huingia pamoja na programu zilizovunjwa leseni: ofisi ya bure, programu ya kuhariri video ya bure, gemu la kwenye flashi. Hata Windows yenyewe iliyowekwa mtaani kwa kuamshwa na kifaa cha kreki inaweza kuja nayo. HWiNFO ikiachwa wazi itakuonyesha matumizi ya prosesa bila kuhitaji Task Manager. Fungua Windows Security, nenda kwenye ulinzi wa virusi, chagua Microsoft Defender Offline scan. Mashine itajizima, itawaka na kukagua kabla Windows haijaamka, kama dakika 15. Ikikuta kitu, ondoa na chanzo chake. Ikirudi tena, hifadhi mafaili yako na uweke Windows upya kutoka kwa Microsoft. Kusafisha mfumo wenye kreki bila kuondoa kreki ni kupoteza siku.

Usisahau skrini ya pili. Kwenye laptopu zenye kadi ya michoro ya ziada, kuchomeka skrini ya nje huweza kuiamsha kadi hiyo, na joto la kukaa bure likapanda hata kama skrini inaonyesha picha tupu.

Hatua ya tano: mipangilio

Laptopu nyingi zinazouzwa Tabora ni za ofisi zilizotumika nje: EliteBook za HP, Latitude za Dell, ThinkPad za Lenovo. Zina mipangilio ya feni ambayo mwenye nayo wa kwanza aliiacha hivyo. Kwenye HP nyingi za ofisi, ndani ya BIOS (mipangilio ya ubao inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) kuna chaguo linaloitwa "Fan Always on while on AC Power". Likiwa limewashwa, feni itazunguka kila chaja inapochomekwa, hata mashine ikiwa baridi. Lizime. Kwenye Dell, ndani ya programu yake ya nishati (zamani Dell Power Manager), hali ya "Cool" hukimbiza feni ili kushusha joto. Chagua "Optimized" au "Quiet". Watu wamebadilishiwa feni kwa sababu ya mistari hii miwili.

Kwenye Windows chagua hali ya nishati iliyo ya wastani au ya kubana matumizi. Kwenye mipango ya zamani ya nishati, hakikisha kiwango cha chini cha prosesa ni asilimia 5 na si 100. Ukishusha kiwango cha juu hadi 99, unazima ule mwendo wa ziada wa prosesa. Joto hushuka waziwazi, na kazi ya Word na Excel haitatambua tofauti. Anayehariri video atatambua. Kwenye mashine mpya sehemu hizi zimefichwa, tumia "Power mode" tu.

Usihukumu kelele ukiwa ndani ya BIOS. Humo prosesa hailali kama inavyolala kwenye Windows, na feni kuvuma kidogo ni kawaida.

Kusasisha BIOS wakati mwingine hurekebisha feni iliyopangwa vibaya na kiwanda. Ila umeme ukikatika katikati na betri haishiki chaji, ubao unaweza kufa. Betri ikiwa mbovu, acha kabisa.

Bado una shaka kama ni Windows au ni chuma? Weka Linux Mint au Ubuntu kwenye flashi, iwashe kutoka hapo bila kuisakinisha, iache dakika 15. Ikitulia na kunyamaza, usishike bisibisi, rudi hatua ya nne. Ikivuma na huko, ni chuma.

Hatua ya sita: vumbi

Kuanzia Juni hadi mvua za Novemba, vumbi jekundu la mitaa yetu halina mlango linaoshindwa kupita. Lakini vumbi peke yake si tatizo kubwa sana, likiwa kavu linapita. Tatizo ni likichanganyika na nyuzi za nguo na nywele: linatengeneza blanketi jembamba kati ya feni na rejeta, yaani zile sahani nyembamba za shaba au aluminiamu ambazo upepo hutokea. Kwa nje hulioni. Unamulika tochi kwenye tundu, unaona rejeta safi, unasema mashine ni safi, kumbe blanketi liko upande wa ndani.

Kwa hiyo kupuliza kutoka nje mara nyingi hulitikisa tu, nalo linarudi. Na ile kompresa ya fundi wa kuziba pancha, tafadhali: hewa yake hutoka na maji na oili, na nguvu yake inazungusha feni kuliko beringi ilivyotengenezwa. Tumia blowa ndogo ya umeme ya mafundi wa kompyuta au pampu ya mkono.

Kufungua kwenyewe ni hivi. Zima kabisa, si kulaza. Chomoa chaja. Kabla ya skrubu ya kwanza, weka mashine mezani uangalie: inayumba? Padi ya kipanya imeinuka? Mfuniko wa chini umetuna? Kama ndiyo, betri imevimba. Usiibonyeze, usiitoboe, usiendelee kuchaji. Mpelekee fundi, mambo ya feni yasubiri.

Chora umbo la mfuniko kwenye karatasi na uchomeke kila skrubu mahali pake kwenye mchoro, kwa sababu urefu wake hutofautiana na skrubu ndefu mahali pa fupi hutoboa ubao. Bandua mfuniko kwa kadi ya plastiki, si kwa kisu. Kitu cha kwanza ndani ni kuchomoa plagi ya betri kwenye ubao.

Zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno yasizunguke, puliza rejeta kutoka upande wa kutolea hewa kuelekea ndani, kisha toa blanketi kwa koleo ndogo au brashi laini. Likiwa limeganda, fungua feni, mara nyingi ni skrubu mbili au tatu na plagi moja. Futa mapanga kwa brashi na spiriti kidogo. Ukikuta mende au sisimizi, na utawakuta kama mashine inalala karibu na chakula, safisha na alama zao kwenye ubao kwa spiriti, kwa kuwa kinyesi chao hupitisha umeme kikipata unyevu.

Hatua ya saba: pesti

Sasa ndiyo zamu yake, na kuna namna ya kujua kama inahitajika. Kabla ya kufungua, ipe mashine kazi nzito ghafla huku ukitazama HWiNFO. Joto likiruka kutoka 50 hadi 95 ndani ya sekunde mbili tatu, huenda mgusano kati ya prosesa na bomba la shaba linalobeba joto ni mbaya: pesti imekauka. Likipanda polepole kwa dakika kadhaa, rejeta imeziba. Mkono wako unathibitisha: upepo dhaifu lakini wa moto mkali unaonyesha kuziba; upepo mwingi wa uvuguvugu wakati prosesa inasoma 90 unaonyesha joto halifiki kwenye rejeta.

Legeza skrubu za bomba la shaba kwa kufuata namba zilizochapwa karibu nazo, kidogo kidogo kwa zamu. Kama bomba limeshika, lizungushe taratibu, usilivute juu. Futa pesti ya zamani kwa spiriti isiyo na mafuta na kitambaa kisichoacha nyuzi. Weka mpya kiasi cha punje ya mchele kwenye kipande kidogo cha prosesa kinachong'aa kama kioo, au itandaze iwe nyembamba. Nyingi haipozi zaidi. Zile pedi laini za rangi juu ya vichipu vya pembeni zirudishe kama zilivyokuwa. Zikichanika tafuta pedi za unene ule ule, usijaze pesti mahali pake, haifiki. Dawa ya meno na krimu ni utani wa intaneti.

Hatua ya nane: feni yenyewe

Beringi inayokwaruza unaweza kuibembeleza. Feni nyingine zina kibandiko katikati. Chini yake tone moja la oili ya cherehani hunyamazisha kwa muda. Si mafuta ya kupikia, yanaganda. Hesabu hiyo kama nafasi ya kusubiri mzigo wa basi kutoka Kariakoo, maana feni ya modeli yako hapa mjini si rahisi kuipata. Unapoagiza usiseme "feni ya HP". Piga picha kibandiko cha feni yenyewe chenye namba ya kipuri, volti na idadi ya nyaya za plagi. Modeli moja inaweza kuwa na feni mbili zisizobadilishana.

Ukishafunga, pima upya kwa masharti yale yale: meza ile, saa ile, dakika 15, andika kando ya namba za mwanzo. Ukilinganisha asubuhi ya Julai na alasiri ya Oktoba utajisifu bure.

Ikibaki kesi ambapo rejeta ni safi, pesti ni mpya, feni inazunguka vizuri, na bado tofauti ni 40, shuku bomba la shaba. Ndani yake kuna maji kidogo yanayogeuka mvuke na kurudi kuwa maji yakibeba joto. Likipasuka yanatoka na linabaki shaba tupu. Washa mashine, iache ipate moto, kisha izime na uguse haraka ncha ya prosesa na ncha ya rejeta. Moja ikiunguza na nyingine ikiwa ya vuguvugu, bomba limekufa na halitengenezeki. Waulize mafundi wenye mashine zilizokufa ubao za modeli hiyo hiyo: bomba lake kwa kawaida ni zima, na watakuuzia kwa bei ya maelewano.